Miaka 17 ya ulabu, miaka 4 bila tone: ubongo unarudi, ila unarudi kwa zamu

Mleta uzi

Habari zenu wakuu. Uzi huu ni mrefu, mnivumilie. Nauandika kwa ajili ya mtu aliyeacha pombe juzi juzi na sasa anajiona mzito wa akili kuliko alivyokuwa akilewa. Nauandika pia kwa mkewe, mama yake au dada yake, anayemtazama na kujiuliza kama yule wa zamani atarudi.

Nilikunywa miaka 17. Miaka 8 ya mwisho nilikuwa nazimua kila asubuhi, la sivyo mkono haushiki kikombe. Leo nina miaka 4 na miezi 2 bila tone.

Wiki ya 5 baada ya kuacha, binti yangu alinipa daftari nimsikilize shairi alilotakiwa kulikariri. Ubeti mmoja, mistari minne. Alipofika mstari wa tatu, wa kwanza ulishanitoka. Nikamwomba arudie, akarudia, ikawa vilevile. Maneno nayaona, nayasoma, lakini hayakai. Akanitazama, akachukua daftari lake taratibu, akaenda kumsomea mama yake. Usiku ule nilitamani chupa kuliko usiku wowote wa wiki ya kwanza. Nilijiambia, kama akili imekwenda na haitarudi, naacha ili iweje?

Nilichokuja kukijua baadaye, kwa kusoma na kwa kuwauliza madaktari maswali mpaka wakanizoea, ni kwamba nilikuwa naupima ubongo wangu mapema mno. Ubongo unarudi, lakini vitu vyake vinarudi kwa zamu. Na ile akili ya kujizuia, inayokwambia "ngoja kwanza", mtu anayoihitaji kuliko zote asirudie pombe, ni miongoni mwa zinazochelewa.

Kabla sijaendelea, kuna jambo moja linaloweza kumwokoa mtu leo hii. Kama unakunywa kila siku na ukikosa unatetemeka, usiache ghafla ukiwa peke yako. Nenda hospitali kwanza.

Sababu yake ni hii. Fikiria mchezo wa kuvuta kamba. Upande mmoja kuna kemikali ya ubongo iitwayo gaba, kazi yake kutuliza. Upande wa pili kuna glutameti, kazi yake kuchangamsha. Pombe inaingia upande wa utulivu na kuvuta nao kwa nguvu. Ukinywa kila siku kwa miaka, ubongo unatafuta usawa: unaongeza wavutaji upande wa uchangamfu na kuudhoofisha wa utulivu. Ndiyo maana mlevi mzoefu anakunywa kiasi ambacho kingemlaza mwingine, naye anatembea. Sasa ondoa pombe siku moja. Upande wa utulivu umebaki na watu wachache waliochoka, na ule mwingine umejaa. Kamba inakwenda yote.

Hiyo ndiyo arosto ya pombe. Kutetemeka, jasho na moyo kwenda mbio huanza ndani ya saa chache. Kifafa, hata kwa mtu ambaye hajawahi kuanguka maishani, hutokea zaidi kati ya saa 6 na 48. Kuanzia siku ya 2 hadi ya 4 mtu anaweza kuchanganyikiwa kabisa, akaona vitu visivyokuwepo, homa ikapanda. Hali hii ya mwisho inaua. Wapo watu ambao familia ziliwafungia chumbani "watoke sumu" na hawakutoka wazima. Hospitalini wanatumia dawa za jamii ya diazepamu na kuzipunguza kidogo kidogo kwa siku kadhaa, ili kamba irudi katikati bila mtu kuanguka.

Mimi nililazwa siku 9. Siku ya tatu niliona siafu wakipanda ukutani na nikamwita muuguzi awafagie. Hakubishana nami. Alikaa pembeni ya kitanda, akaniambia mkono wangu aushike yeye. Simsahau.

Sasa tuje kwenye ubongo wenyewe.

Pombe ya miaka mingi inasinyaza ubongo. Kwenye picha za hospitali za ndani ya kichwa, mifereji ya juu inaonekana mipana na vyumba vya maji vya ndani vimetanuka. Sehemu zinazoumia zaidi ni ya mbele, serebelamu kule nyuma chini inayoshika mizani ya mwili, hipokampasi inayoweka kumbukumbu mpya, na ile nyama nyeupe, yaani nyaya zinazounganisha sehemu moja na nyingine. Zamani madaktari waliona usinyaaji huo wakahesabu kwamba ni hasara ya kudumu. Mwaka 1978 watafiti wa Toronto, Kanada, wakiongozwa na Peter Carlen, walichapisha picha za CT za walevi wachache waliokuwa wameacha, na baadhi yao ubongo ulikuwa umejaa tena kwa sehemu. Tangu hapo ushahidi umeongezeka. Mwaka 2007 timu ya Andreas Bartsch ya Ujerumani ilipima watu 15 walioacha, na baada ya wiki 6 hadi 7 ubongo ulikuwa umeongezeka ujazo kwa karibu asilimia 2, na umakini wao ulikuwa umepanda. Walipima na kemikali za ndani ili kuona kama ni maji tu yaliyorudi. Haikuwa maji tu.

Utafiti ninaoupenda zaidi ni wa Timothy Durazzo na Dieter Meyerhoff wa Marekani, wa mwaka 2023. Waliangalia unene wa gamba la ubongo kwa watu walioacha: wiki ya kwanza, mwezi wa kwanza, na baada ya miezi 7 na kidogo. Kati ya sehemu 34 walizopima, 24 zilikuwa zimefikia unene sawa na wa watu wasio na tatizo la pombe. Na mwendo ulikuwa wa kasi zaidi mwezi wa kwanza kuliko miezi iliyofuata. Yaani siku zile unazojiona umekwisha, ndizo fundi anazofanya kazi kubwa kuliko zote.

Ila hapa ndipo nilipojikwaa, na naomba mtu asinipite. Unene wa gamba si mtu. Nyumba inaweza kusimamishwa kuta na umeme ukawa bado.

Kilichorudi kwangu, kwa mpangilio wangu (wako unaweza kutofautiana):

Mikono ilitulia wiki ya 2. Mwendo ulinyooka mwezi wa 2, nikaacha kushika ukuta gizani. Kusoma ukurasa mmoja na kuuelewa, mwezi wa 3. Usingizi ulinitesa mpaka mwezi wa 7. Nilikuwa nalala saa 3 usiku, saa 8 niko macho, na nikapewa onyo mapema kwamba usingizi wa aliyeacha pombe huchukua miezi kukaa sawa, na kwamba wengi hurudia kunywa kwa ajili ya usingizi tu. Furaha ilichelewa zaidi. Pombe inazoesha ubongo dopamini, kemikali ya raha, ya kumiminiwa, vipokezi vyake vinapungua, halafu vitu vya kawaida, mtoto kucheka, jua la asubuhi, havikugusi. Nilikaa miezi kama mtu aliyefungiwa nyuma ya kioo. Sikuwa na huzuni. Sikuwa na kitu.

Na subira, kutokujibu haraka, kupanga jambo la wiki ijayo na kulifuata, hayo yalikuja mwaka wa pili.

Mama Wawili

Asante sana kaka kwa uzi huu, nimesoma huku nalia. Mume wangu ana miezi 3 tangu aache. Nilidhani shida imeisha. Sasa hanywi lakini ni mkali, kila nikimtazama anauliza "mbona umenuna?" na mimi sijanuna. Anasahau nilichomwagiza dakika kumi zilizopita. Hacheki. Mungu anisamehe, kuna siku nimewaza kwamba alipokuwa anakunywa angalau alikuwa anacheka.

Mleta uzi

Dada yangu, pole sana, na usijilaumu kwa wazo hilo. Mke wangu naye aliniambia maneno hayo hayo mwaka wa pili, alipokuwa tayari kuyasema.

Hilo la "mbona umenuna" lina maelezo. Watu waliokunywa muda mrefu husoma nyuso vibaya. Uso wa kawaida wanauona una hasira, na hali hiyo huendelea kwa muda hata baada ya kuacha. Kwa hiyo shemeji hakuchokozi. Ubongo wake unamletea habari isiyo sahihi na yeye anaiamini. Kilichotusaidia sisi ni mke wangu kusema kwa mdomo: "Sijakasirika, nimechoka." Kila siku, bila kungoja niulize. Ilionekana kama kumlea mtoto, lakini iliokoa ugomvi mwingi.

Kuhusu kusahau, mwandikie. Si kwa kumdharau. Karatasi moja ukutani, mambo matatu tu kwa siku. Mtu akitimiza matatu anapata ujasiri, akipewa kumi anashindwa yote na kujiona hafai.

Ila nikwambie na hili kwa moyo wote: ubongo kupona si ruhusa ya kukupiga wala kukutukana. Akikunyanyulia mkono, ondoka na watoto, atapona akiwa mbali. Ukali wa maneno nao akazungumze na mtaalamu, kwa sababu huzuni kali hujificha humo, na ina dawa.

Tabibu wa Zamu ya Usiku

Mleta uzi umeeleza vizuri. Naongeza jambo ambalo sisi wa wodini tunaliona limechelewa mara nyingi mno: vitamini B1, yaani thiamini.

Mlevi wa muda mrefu hali vizuri, na hata akila, utumbo uliozoea pombe haufyonzi vitamini hiyo ipasavyo. Ubongo bila thiamini hauwezi kutumia sukari. Matokeo yake Carl Wernicke aliyaeleza tangu mwaka 1881: mtu anachanganyikiwa, macho yanacheza au yanakwama, miguu inayumba hata kama hajanywa. Ndugu wanasema "amelewa tu, mwacheni alale". Hajalewa. Ni dharura. Na dalili zote tatu mara nyingi haziji pamoja, kwa hiyo msizisubiri. Dawa ni thiamini ya sindano, tena itangulie kabla ya dripu ya sukari au iende nayo, kwa sababu sukari peke yake inaweza kumaliza akiba ndogo iliyobaki.

Akichelewa, anaweza kuingia kwenye hali aliyoieleza Sergei Korsakoff wa Urusi mwaka 1887. Mgonjwa anazungumza vizuri, anakusalimia kwa heshima, lakini kumbukumbu mpya haziingii. Ukimuuliza jana alifanya nini, anakupa hadithi nzima: alikwenda safari, alikutana na fulani. Jana alikuwa kitandani. Nawaomba ndugu wa wagonjwa hawa msiwaite waongo. Hana nia ya kudanganya, ubongo unaziba pengo kwa chochote kilicho karibu, na yeye mwenyewe anaamini. Baadhi yao hupata nafuu kubwa kwa miezi na miaka, wengine kidogo, wengine hawarudi.

La mwisho: si kila kuchanganyikiwa kwa mlevi ni pombe. Walevi huanguka, na damu inaweza kuvuja polepole chini ya fuvu kwa wiki kadhaa. Ini likichoka, sumu ya amonia hupanda kichwani. Vyote hivi vinatibika vikijulikana mapema. Mtu akizidi kuchanganyikiwa siku hadi siku badala ya kupungua, apimwe.

Mleta uzi

Daktari ubarikiwe. Mimi nilichomwa B1 tangu saa ya kwanza, na sikujua kilikuwa kitu gani. Nikadhani ni dawa ya kunifanya nile.

Jiwe la Pembeni

Mkuu samahani, sitaki kukukatisha tamaa, ila tulifundishwa kwamba seli ya ubongo ikifa imekufa. Sasa huo ubongo "unaorudi" unarudi na nini? Naona unawapa watu matumaini ambayo hayapo.

Mleta uzi

Swali zuri, nami lilinisumbua.

Ni kweli seli zinakufa. Clive Harper wa Sydney na wenzake walihesabu niuroni, yaani seli za ubongo, kwenye ubongo wa marehemu waliokuwa walevi, na katika sehemu moja ya juu ya ubongo wa mbele walikuta upungufu wa karibu asilimia 22. Hizo sitasema zinarudi.

Lakini haohao walionyesha kwamba sehemu kubwa ya kusinyaa si vifo vya seli. Ni nyama nyeupe iliyopungua, na ni matawi ya seli yaliyokatika wakati shina liko hai. Mti uliopukutisha majani na mti uliong'olewa, kwa mbali vinafanana. Matawi yanachipua, nyaya zinavikwa utando wake upya. Tena kwa panya, Kim Nixon na Fulton Crews walionyesha mwaka 2004 kwamba wiki moja baada ya pombe kukatika, seli mpya zinazaliwa kwa wingi kwenye hipokampasi. Panya si binadamu, kwa hiyo sitaegemea hapo sana.

Na kuna jambo la tatu. Ubongo unajifunza kupita njia nyingine. Kazi iliyokuwa ya sehemu moja inafanywa na sehemu mbili zikisaidiana. Inachosha zaidi, lakini inafanyika. Hiyo ndiyo sababu mtu wa mwezi wa 4 anaweza kufanya kazi yake vizuri asubuhi na mchana akawa hoi. Ndugu, mruhusu alale.

Sijampa mtu matumaini hewa. Mwenye miaka 60 hurudi polepole kuliko mwenye 35. Serebelamu ikiumia sana, mwendo huweza kubaki wa kuyumba. Na sigara inarudisha nyuma: wavutaji katika tafiti za Durazzo walipona kidogo kuliko wasiovuta. Mimi nilivuta miezi 8 ya kwanza nikijitetea kwamba siwezi kuacha vyote kwa pamoja. Laiti mtu angeniambia nilikuwa naibia dawa yangu mwenyewe.

Kijana Mtulivu

Shikamoo wakubwa. Mimi nina miaka 24, sinywi kila siku, ila Ijumaa na Jumamosi nakunywa mpaka sikumbuki nilivyofika nyumbani. Haya yananihusu?

Mleta uzi

Marahaba mdogo wangu. Yanakuhusu. Ukisahau ulivyofika nyumbani haina maana kwamba ulilala ukiwa unatembea. Hipokampasi ilizima, ukawa unaongea na kutembea bila kuandikwa kitu. Na ubongo wa mbele kwa umri wako ndio kwanza unamalizia kukomaa. Wewe huna haja ya kungoja miaka 17 ndipo uje kuuliza. Kaa miezi mitatu bila, ujitazame. Ukishindwa wiki mbili, basi umeshapata jibu, na mtafute mtaalamu wakati bado ni mapema.

Narudi Tena

Mimi nimeacha mara 5 na nimerudia mara 5. Kila nikirudia nasikia kama yote yamefutika. Na safari hii ya mwisho arosto ilikuwa mbaya kuliko ya kwanza, nilianguka kifafa. Kuna haja kweli?

Mleta uzi

Ndugu yangu, haja ipo, na umeandika jambo ambalo watu wengi hawalijui. Kila arosto huuacha ubongo ukiwa na hamaki zaidi. Mara ya kwanza jasho na kutetemeka, mara ya nne au ya tano kifafa. Ni kama kijinga kilichowahi kuwaka, mara nyingine kinashika moto upesi. Kwa hiyo wewe uliyejaribu mara nyingi ndiye hasa usiyepaswa kujaribu nyumbani tena. Hilo lisikuaibishe mbele ya daktari. Mwambie idadi, na mwambie kuhusu kile kifafa, inabadilisha dozi watakayokupa.

Na uliza kuhusu dawa za kupunguza hamu. Kuna naltreksoni, inayopunguza utamu wa pombe kichwani, na akamprosati, inayodhaniwa kutuliza ule upande wa glutameti niliousema. Mimi nilitumia ya pili kwa mwaka mzima. Watu wakaniambia nimebadilisha ulevi kwa ulevi. Si kweli, hailevi wala haina arosto. Usikubali mtu asiyekushika mkono usiku akunyang'anye dawa mchana.

Je, yote yamefutika? Ujazo uliopatikana hupungua tena mtu akirudi kunywa, sitakudanganya. Lakini ubongo uliowahi kuchipua mara 5 umeonyesha kwamba unachipua.

Mama Wawili

Kaka, swali la mwisho. Kwako kuna kitu ambacho mpaka leo hakijarudi?

Mleta uzi

Kipo, dada. Njia. George Fein na wenzake walipima watu waliokuwa wameacha kwa wastani wa karibu miaka 7, wakakuta karibu kila kitu kimekaa sawa na cha watu wengine, isipokuwa dalili za udhaifu kidogo katika kujua vitu viko wapi na vinakaaje. Nilipoyasoma nilijiona mimi. Kusoma nasoma, hesabu nafanya, majina ya watu nashika. Shairi la binti yangu, lile la wiki ya 5, ninalo lote kichwani, alinifundisha yeye mwaka wa pili, mstari kwa mstari.

Lakini tukitoka kwenye jengo kwa mlango tofauti na tulioingilia, bado nasimama. Binti yangu ameshanijua. Hangoji nimuulize. Ananishika kidole, anasema "kushoto, baba", na tunakwenda.